Watoto wawili, kupe wawili: kwa nini ugonjwa wa Lyme hauanzi sawa Marekani na Ulaya

SWALI: Daktari, habari ya kazi. Nina watoto wawili ng'ambo. Kijana yuko Minnesota, binti anasomea uuguzi Freiburg, Ujerumani. Mwezi wa Juni kijana alishikwa na homa, kichwa na viungo vikimuuma, na nyuma ya goti ana baka la zambarau kama amegongwa na kitu. Halina duara lolote. Walimpima damu wakasema hana Lyme, lakini daktari akamwandikia dawa hata hivyo. Wiki tatu baadaye binti naye akanitumia picha ya paja: pete kubwa, katikati pasafi. Yeye anasema haumwi kitu, na hospitali ataenda akipata nafasi. Jirani yangu aliiona picha akasema hiyo ni choa. Je, huu ni ugonjwa mmoja? Nimhofie nani zaidi? Na mimi je? Nafuga ng'ombe watatu hapa Ruai, Nairobi, na kupe nawatoa kwa vidole kila siku. Binti akija Desemba hawezi kutuambukiza?

JIBU: Mama, pole kwa kukesha na simu mkononi. Kwa ulivyoeleza, yawezekana kabisa kwamba watoto wako wamepata ugonjwa mmoja, ila bakteria waliowaingia ni ndugu wenye tabia tofauti. Sijawaona watoto, kwa hiyo neno la mwisho ni la madaktari walio karibu nao. Ninachoweza kukueleza ni kwa nini mmoja alilala kitandani na mwingine akaendelea na zamu zake, na kwa nini jambo hilo halinishangazi.

Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 akina mama wa sehemu ile walipiga kelele kwamba watoto wengi mno wa eneo moja wamevimba magoti. Nakutajia hilo makusudi, maana bila wao kukataa kuambiwa ni bahati mbaya tu, huenda tungechelewa sana. Allen Steere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakafuatilia, na mwaka 1981 mtafiti Willy Burgdorfer akawaona ndani ya kupe bakteria wembamba waliojiviringa kama springi. Bakteria akaitwa Borrelia burgdorferi. Kwa miaka kadhaa tuliamini ni huyo mmoja duniani kote. Maabara zilipoanza kuchambua vinasaba ndipo ikajulikana kwamba ni ukoo mzima. Wanaotuletea wagonjwa wengi ni 3: burgdorferi mwenyewe, ambaye ndiye mwenyeji wa Marekani, na huko Ulaya yupo kwa uchache, kisha afzelii na garinii, ambao makao yao ni Ulaya na Asia. Mtu aliyeng'atwa na kupe Minnesota, hao wawili hatuwafikirii.

Majina yao yana kisa ambacho mimi hukitumia kuwakumbuka. Arvid Afzelius alikuwa daktari wa ngozi wa Sweden, na mwaka 1909 alieleza wekundu unaotambaa mwilini baada ya kupe kung'ata. Charles Garin wa Lyon, Ufaransa, pamoja na mwenzake Bujadoux, mwaka 1922 walieleza mgonjwa aliyeshikwa na maumivu ya mishipa ya fahamu na kupooza baada ya kupe. Basi ndivyo bakteria wenyewe walivyo: afzelii hupenda ngozi, garinii hupenda mishipa ya fahamu.

Tuanze na binti, maana picha yake ndiyo iliyomfanya jirani ataje choa. Afzelii hana haraka. Anatambaa chini ya ngozi kutoka pale kupe alipong'ata, kama moto kwenye majani mabichi: unaungua ukingoni tu, na ulikopita pamepoa. Ndiyo maana katikati hurudia rangi yake na pembeni hubaki mstari. Mtu anaweza kukaa na pete hiyo wiki nyingi, ikafika ukubwa wa sahani, na asipate homa wala kuumwa kichwa. Wengine huwashwa kidogo basi. Kinachochekesha ni kwamba ile pete ya kwenye mabango, inayodhaniwa ni alama ya ugonjwa wa Wamarekani, huonekana zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya.

Burgdorferi wa Marekani ni mtu wa papara. Baka lake hupanuka haraka, na mara nyingi hujaa rangi moja kutoka ukingo hadi katikati, bila pete. Mgonjwa hafikishi wiki nyingi; anakuja ndani ya siku chache akiwa na homa, uchovu, shingo inauma, viungo vinauma. Sababu kubwa ni kwamba huyu huingia kwenye damu mapema. Wagonjwa wa New York wenye baka la mwanzo walipochukuliwa damu ikaoteshwa maabara, bakteria waliota kwa zaidi ya 4 kati ya 10. Slovenia, ambako afzelii ndiye mwenye nyumba, ilikuwa kiasi cha 1 kati ya 100. Zaidi ya hapo, seli za kinga humpokea burgdorferi kwa fujo kubwa kuliko zinavyompokea afzelii, na hiyo homa ya kijana wako ni kelele za fujo hiyo. Kwa kuwa anasafiri na damu, anaweza kutoa mabaka mengine mbali na pale kupe alipong'ata, na asipotibiwa, miezi kadhaa baadaye hupenda kuingia kwenye goti. Ndiyo yale magoti waliyoyaona akina mama wa Connecticut.

Minnesota ina jambo lake jingine. Mwaka 2016 walitangaza huko ndugu mwingine, Borrelia mayonii, aliyekutwa kwa wagonjwa 6 wa majimbo ya eneo lile. Huyo huja na kichefuchefu na kutapika, vipele vilivyotawanyika badala ya baka moja, na bakteria wengi kwenye damu kuliko kawaida. Ni wa nadra, na dawa ni zilezile.

Kama ungekuwa na mtoto wa tatu naye akang'atwa hukohuko Freiburg na kupe mwenye garinii, ungeletewa picha ya tatu isiyofanana na hizi mbili. Baka la garinii hukua upesi kuliko la afzelii, na huwasha au kuchoma zaidi. Lakini wengi hawalikumbuki kabisa. Wanachokumbuka ni yaliyokuja wiki kadhaa baadaye: maumivu ya moto mgongoni au yanayozunguka kifua kama mshipi, yanayozidi usiku hadi mtu anatembea chumbani saa nane akisubiri kuche. Hupimwa mgongo, hupewa dawa za maumivu, hakuna kinachosaidia. Wengine uso hulegea upande mmoja. Mwaka 1941 daktari Mjerumani aitwaye Bannwarth alieleza hali hiyo, na Ulaya bado wanaiita kwa jina lake. Hapa kwetu uso ukilegea tunakimbilia kusema kiharusi au upepo mbaya. Kwa hiyo mwambie binti: maumivu ya namna hiyo au uso kulegea, hata kama pete imeshapotea, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, na ataje kupe.

Uliuliza umhofie nani zaidi. Kijana alikuwa mgonjwa zaidi, lakini amepata dawa. Mimi ningemhofia binti, kwa sababu haumwi. Asiyeumwa hana haraka. Afzelii akiachwa miaka anaweza kuifanya ngozi ya mguu au mkono kuwa ya zambarau na iliyovimba, halafu nyembamba kama karatasi, mishipa yote ikionekana, na hapo dawa huua bakteria lakini ngozi haiwi ile ya zamani. Pete inaweza kufifia yenyewe bila dawa yoyote, na mtu akashukuru Mungu kwamba imepona. Huenda haijapona.

Sasa hiyo choa. Jirani yako asilaumiwe, maana hata mimi nimewahi kukosea hivyohivyo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi, alinijia kijana aliyekuwa likizo kutoka Sweden, ana pete kiunoni. Nikamwandikia krimu ya choa, dakika 5 amekwisha toka. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa mpole kabisa, akafungua mshipi, na ile pete ilikuwa imeshuka chini ya mkanda na kupanda juu yake, alama ya mkanda ikiikata katikati. Nilirudi kusoma faili niliyoandika mwenyewe. Nilikuwa nimeandika umri, uzito, na neno choa. Hapakuwa na mstari unaosema ametoka wapi.

Tofauti ipo ukitazama kwa karibu. Ukingo wa choa una magamba. Ukiukwaruza kwa ukucha hutoa unga, na mara nyingi una vipele vidogo vidogo. Ukingo wa pete ya kupe ni laini, ngozi juu yake ni nzima, na ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho huenda usijue unapoanzia. Choa huchukua muda kupanuka, pete ya kupe hupanuka siku kwa siku. Mwambie binti achukue kalamu ya wino achore ukingo leo, na kesho kutwa atazame kama rangi imevuka mstari. Ajipige picha na rula kando. Madaktari huanza kuichukulia kwa uzito ikifika sentimita 5 au zaidi, na hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kung'atwa. Kidoa chekundu kidogo kinachowasha saa chache tu baada ya kupe kutolewa ni ngozi inayogombana na mate ya kupe, na huisha baada ya siku mbili. (Na kwa wanaokaa hapa mjini: lile jeraha linalochoma kama moto shingoni msimu wa mvua si kupe wala choa, ni yule mdudu mwekundu na mweusi, Nairobi fly, uliyemponda usingizini.)

Kijana wako alikuwa na shida nyingine, nayo ni rangi ya ngozi yetu. Kila kitabu kinasema “wekundu”, na picha karibu zote ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi baka hilo huwa la zambarau, au la kahawia iliyokolea, au kama damu iliyovilia baada ya kugongwa, na pete yenyewe inaweza isionekane hata ikiwepo. Marekani imeonekana kwamba wagonjwa weusi mara nyingi zaidi hugunduliwa wakati ugonjwa umeshafika kwenye viungo au mishipa ya fahamu. Kwa hiyo aangaliwe kwenye mwanga wa dirishani, si wa balbu, na baka liguswe kwa mgongo wa mkono: mara nyingi lina joto kidogo. Daktari wake aliyetibu bila kusubiri duara ninamvulia kofia.

Hapo ndipo niseme kuhusu kile kipimo. Kumwambia mtu mwenye baka “huna Lyme” kwa sababu damu imesema hivyo ni kusoma kipimo vibaya. Kipimo cha kawaida hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili wenyewe unatengeneza, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza za kutosha. Katika siku za baka, zaidi ya nusu ya wagonjwa hutoka bila kitu. Kwa sababu hiyo, mtu akiwa na baka linalotambulika na alikuwa mahali penye kupe wa aina hiyo, anatibiwa kwa macho, damu haisubiriwi. Binti naye akienda asikubali kuambiwa arudi majibu yakitoka. Kuna mtego mmoja tena: vipimo vilivyotengenezwa kwa kufuata burgdorferi wa Marekani vinaweza kumkosa afzelii au garinii. Mtu aliyeng'atwa Ulaya na kupimwa bara jingine lazima aseme aling'atwa wapi, ili maabara ijue inamtafuta nani.

Dawa haina ugumu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unatoa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 10, kwa baka la mwanzo; asiyeweza kuitumia hupewa amoksilini kwa siku 14. Ulaya hawapishani nao sana. Doksisaiklini inywewe na maji mengi na mtu asilale papo hapo, maana huchoma koo, na jua la kiangazi huichoma ngozi ya mtu anayeinywa. Saa 24 za kwanza homa inaweza kupanda badala ya kushuka. Bakteria wanakufa kwa pamoja, si dawa imekataa. Na tafadhali, usimpe mtu anayesafiri kopo la dawa kutoka duka la hapa.

Kijana wako ningemuuliza jambo moja zaidi: homa ilikata? Kupe wa Minnesota, Ixodes scapularis, hubeba zaidi ya mzigo mmoja. Anaweza kumtia mtu Anaplasma, bakteria ambaye hushusha chembe nyeupe za damu na kuleta homa kali. Huyo doksisaiklini inamtosha. Anaweza pia kumtia Babesia, kimelea ambaye huishi ndani ya chembe nyekundu na chini ya hadubini anafanana sana na malaria. Nina hakika slaidi ya damu yenye Babesia ikiletwa maabara yoyote ya hapa mjini, fundi ataandika malaria bila kuinua kichwa. Huyo doksisaiklini haimwezi. Ikiwa kijana alimeza dawa siku mbili na homa bado ipo, arudi akapimwe hayo mawili. Kwa binti, Freiburg iko kwenye eneo la Ujerumani lenye virusi vya kupe vinavyoleta uvimbe wa ubongo, na hivyo vina chanjo nzuri. Mwanafunzi wa uuguzi hana sababu ya kuikosa.

Wote wawili wajue kwamba kupe anayewatia ugonjwa mara nyingi si yule mnene unayemjua kwenye sikio la ng'ombe. Ni mchanga, saizi ya mbegu ya mchicha, na hapendi kuonekana: nyuma ya goti, kinenani, kwenye mstari wa chupi. Wajikague jioni wanapotoka nyasini. Akionekana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja. Asipakwe mafuta ya taa, asichomwe na kiberiti. Marekani burgdorferi kwa kawaida huhitaji saa 36 au zaidi kupe akiwa ameng'ang'ania ndipo apite. Afzelii huonekana kupita mapema zaidi, kwa hiyo Freiburg wasijipe muda.

Desemba binti aje bila wasiwasi. Ugonjwa huu haupiti kwa kukumbatiana, kula pamoja wala kulala chumba kimoja.

Sasa wewe na ng'ombe wako. Kupe unaowatoa Ruai, wale wa kahawia wa masikioni na wale wenye madoadoa, si wa jamii inayosambaza Lyme, na mtu ambaye hajatoka Kenya simtafutii Lyme kwanza. Hiyo haina maana kupe wetu ni wema. Wanaua ndama kwa ndigana, hilo unalijua kuliko mimi. Kwa binadamu huleta homa ya kupe: siku kadhaa baada ya kung'atwa hutokea kidonda chenye kigaga cheusi kama kimechomwa na sigara, tezi za jirani zinavimba, kichwa kinagonga. Wageni wanaotoka kutembea mbuga ya Maasai Mara huja nacho mara kwa mara. Na tuna ndugu yetu wa huo ukoo wa Borrelia, anayeitwa duttonii, anayebebwa na papasi wa nyumba za udongo. Homa yake hupanda siku chache, hupoa kabisa, halafu hurudi. John Everett Dutton, ambaye ndiye mwenye hilo jina, alikufa kwa homa hiyohiyo huko Kongo mwaka 1905 akiichunguza. Wengi wenye homa ya namna hiyo hutibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajatazama damu vizuri.

Vaa glavu unapowatoa kupe, na usiwapasue kwa kucha. Ukiona kigaga cheusi na homa, au homa inayoondoka na kurudi wakati malaria haionekani, nenda kliniki na useme kabla hujakaa kwenye kiti kwamba unashika kupe kila siku. Usingoje uulizwe, mama. Mimi sikumuuliza yule kijana wa Sweden.